Mwiko Kwenye Gunia

Kilosa, 8 Januari 1975

Kwa Mjomba Danieli,
Kijiji cha Ujamaa Tujikaze, Mikumi.

Shikamoo Mjomba. Nisalimie na Mama Rafaeli, umwambie shikamoo yake ni ndefu kuliko barua hii. Mimi ni mzima wa mwili, ila hasira imenijaa, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hasira ikiandikwa inapoa.

Nimetolewa mapokezi, sasa ni karani wa ghala la mbegu na dawa za kilimo. Tangu ulipokuja waraka mpya wa usalama, ghala limegawanywa vyumba vitatu. Kila kitu kitokacho kiwandani lazima kipangiwe chumba chake. Cha kwanza ni vitu vya kula. Cha pili ni vitu visivyodhuru, majembe na mapanga na magunia matupu. Cha tatu ni sumu, na kina kufuli. Kupanga ni kazi yangu, kutia sahihi ni kazi ya mkuu wangu, Ndugu Mathias. Dawa ya panya tulielewana, dawa ya pamba tulielewana. Tumegombana juu ya mahindi.

Ni mahindi ya mbegu, Mjomba. Kiwandani yamepakwa dawa ya kuua fukusi na ukungu, halafu yakatiwa rangi nyekundu ili yajulikane. Ukiyashika, vidole vinabaki vyekundu hata ukinawa. Ndugu Mathias anasema mahindi ni mahindi, yameota shambani kama mahindi yote, waraka unahusu vitu vya kiwanda, basi yakae na unga. Nikamwambia yaliota shambani, ndiyo, lakini yameingia kiwandani chakula yakatoka sumu. Akacheka, akaniambia nipunguze kusoma. Mpaka leo yako chumba cha kwanza, yameegemea unga wa watoto wa shule.

Mbegu za kijiji chako zimo humo. Mwaka huu wa njaa mtu akiona mahindi hataangalia rangi. Mkiyapanda mtavuna, mkiyala mtazikana, na mimi sitaki kuyasikia hayo kutoka kwa watu wa treni. Nataka kila gunia liandikwe SUMU kabla halijapakiwa. Ninyi huko mtenge chumba, mkifunge, mtoe mbegu siku ya kupanda tu. Nijibu upesi, maana neno la mwenyekiti wa kijiji litanisaidia mbele ya Ndugu Mathias.

Mpwa wako,
Magreti


Tujikaze, Mikumi
15 Januari 1975

Mpwa wangu Magreti,

Marahaba, na marahaba tena. Mama Rafaeli kaipokea shikamoo yake, anauliza kama huko Kilosa unakula chakula au unakula waraka.

Kuhusu mahindi umesema kweli. Kuhusu neno, umekosea, na nitakueleza taratibu maana najua ulivyo mbishi.

Wewe umekulia kwetu milimani, ambako kila mtu analijua kaburi la babu wa mwenzake. Hapa Tujikaze tumeletwa na Operesheni ya vijiji kutoka pande mbalimbali, na lori lilipotushusha hatukujuana hata majina. Mimi ni mtu wa milimani, mtu wa kanisani, nimechaguliwa mwenyekiti juu ya watu wa bondeni wenye wazee wao na misikiti yao. Mwaka jana kaka yake Mzee Mwinshehe alifariki kwa homa. Msibani watu walikuwa wakiniangalia mikono. Nilikaa na wafiwa mpaka matanga yakaisha, nikila chakula chao nao wakinitazama ninavyokula.

Huko ofisini kwenu sumu ni chumba cha tatu. Huku sumu ni mtu. Ina aliyeitia na aliyetiliwa. Gunia likishuka stesheni limeandikwa SUMU na chini yake jina la kijiji changu, hakuna atakayeuliza habari za kiwanda. Watauliza ni nani aliyeiagiza, na jina langu ndilo litakalokuwa kwenye hati.

Andika DAWA. Dawa kila mtu anaijua, na kila mtu anajua kwamba haichezewi. Nakuomba kama mjomba wako, na unajua mimi si mtu wa kuombaomba. Njaa ipo, sikufichi, lakini watu wangu si fisi hata wale kila kinachoanguka mbele yao.

Ni mimi mjomba wako,
Danieli


Kilosa, 22 Januari 1975

Mjomba, shikamoo.

Unasema dawa kila mtu anaijua. Ndiyo maana inanitisha.

Juzi bibi mmoja wa Kimamba alikuja dirishani kwa mwenzangu Costancia. Amesikia, anasema, kwamba serikali ina mahindi yenye dawa. Akauliza kama yanafaa kwa kifua, na kama yanapikwa au yanatafunwa mabichi. Costancia alidhani anatania. Hakuwa anatania, na wala si mjinga. Tangu azaliwe anaambiwa dawa humezwa, tena meza yote usiteme. Leo tumwandikie DAWA juu ya gunia la mahindi, halafu tumshangae akila?

Ndugu Mathias naye hataki SUMU, kwa sababu yake mwenyewe. Vitu vya chumba cha tatu haviruhusiwi kupanda behewa moja na unga, na behewa la peke yake hatuna. Anasema tukilisubiri, mvua itatutangulia na vijiji vitakosa mbegu. Si mtu mbaya, Mjomba. Ana wasiwasi kama mimi, ila wasiwasi wake uko kwenye mawingu na wangu uko kwenye chungu. Basi wanaume wawili msiojuana mmeungana kulikataa neno langu.

Nimepata jingine. MWIKO. Halimtaji mchawi, halimtaji mganga. Kila ukoo una mwiko wake, milimani na bondeni, Mwislamu na Mkristo. Mtu akiambiwa kitu hiki mwiko kuliwa, haulizi nani kakileta, anakiacha. Ndugu Mathias amekubali papo hapo kwa kuwa neno hilo halimo kwenye waraka, kwa hiyo haliwezi kumtia hatiani. Kwa wale wasiojua kusoma, nimemwagiza Timotheo, mpaka rangi wa reli, achore chini ya neno alama ya mwiko. Ni fundi mzuri, ndiye aliyechora simba wa hoteli ya pale stesheni.

Kesho natumwa Kimamba kwa shughuli za ghala. Nikirudi magunia yatakuwa yameshaondoka na treni ya Kidatu. Nimekubali neno langu lisitumike. Nawe nikubalie moja: chumba kifungwe.

Magreti


Tujikaze, Mikumi
12 Februari 1975

Mpwa wangu,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na mbegu zimefika salama, tunamshukuru Mungu.

Zilipofika mimi sikuwepo. Tulikuwa Morogoro, semina ya wenyeviti, tunafundishwa kuongea na wananchi. Barua yako nimeikuta niliporudi. Katibu wetu, Kasiani, ndiye aliyepokea magunia, na kwa kuwa paa la ghala letu linavuja, akaona ni heri ayagawe kila nyumba ikae na mbegu yake. Kijana mwenye bidii, sikumlaumu. Alama yako imependwa sana. Kina mama waliielewa mara moja, kuliko wanavyoelewa hotuba zangu.

Mvua bado. Mawingu yanakuja, yanatusalimia, yanakwenda zake Ruhembe kunywesha miwa. Mama Rafaeli mguu unamsumbua kidogo. Ng'ombe wa wafugaji wamepita kwenye mihogo ya shule, tumesuluhisha.

Kuna jambo dogo. Ile rangi nyekundu, ikioshwa mara mbili tatu kwa majivu, na sumu yake huondoka? Nauliza tu, kwa faida ya kujua. Usijihangaishe kunijibu upesi. Na kama Ndugu Mathias atakuuliza habari za huku, mwambie ni njema.

Mjomba wako,
Danieli


Kilosa, 16 Februari 1975

Mjomba,

Shikamoo. Leo nisamehe, salamu ni hiyo tu.

Mbegu haioshwi. Mkulima anayetaka kupanda haoshi mbegu, tena kwa majivu. Anayeosha anataka kupika. Nani anaosha, Mjomba? Na safari hii umeyaita mahindi hayo kwa lile neno uliloniambia nisiliandike.

Hapana, haiondoki. Rangi inatoka, sumu inabaki ndani ya punje. Hiyo ndiyo hatari yake, maana mtu akiona maji yamekuwa meupe anadhani kazi imekwisha. Mwenye kutapika, mwenye kizunguzungu, mwenye kutetemeka mikono, apelekwe zahanati leo, na mganga aambiwe waziwazi amekula nini. Maji waliyooshea yamwagwe mbali na kisima. Kusanya kila punje.

Niambie kweli. Mimi si Mzee Mwinshehe, siangalii mikono yako. Tena hiyo alama ambayo kina mama wameielewa upesi, wameelewa nini?

Magreti


Tujikaze
17 Februari 1975

Kwa mwanangu Magreti,

Hujambo mwanangu. Mjomba wako kanikataza nisikuandikie, nami nimemwitikia, halafu nimekaa hapa nakuandikia. Mwandiko wangu unaujua, vumilia.

Gunia lina neno ambalo wengi hatukulisoma, na chini yake kuna mwiko. Mwiko wa kusongea ugali, mwanangu, umechorwa vizuri na mpini wake na bapa lake. Kasiani alipolishusha la kwanza, kina mama walipiga vigelegele. Walisema safari hii serikali imetukumbuka, imetuletea mahindi ya ugali na imeweka na mwiko ili tusikosee. Wenye kusoma walisoma MWIKO, wakatazama picha, wakaona vinaelewana.

Wakaosha. Wakatwanga. Si wote. Wenye akiba kidogo walingoja. Wasio na kitu hawakungoja. Mtoto wa Mwamvua, jirani yetu, yule Zuhura anayekuja kunisukia ukili wa mikeka, ameanguka. Anatetemeka mikono, hawezi kushika kikombe. Yuko zahanati Mikumi. Wengine wanatapika majumbani, wanaona haya kusema.

Mjomba wako alipitia nyumba kwa nyumba akiwaambia, "Msile, ni mwiko." Wanamjibu, "Mwiko tunao, Mwenyekiti, unga ndio hatuna." Wanacheka. Wengine wananong'ona kwamba viongozi wanataka tuyarudishe wayale wao. Nami nilimwambia, baba Rafaeli, sema sumu. Hataki. Anaogopa wasije kumchomea nyumba tukiwa ndani. Tena anaogopa kwa ajili yako, anasema likijulikana watakufukuza kazi, kwa kuwa mwiko ule umetoka kwako.

Mimi sijui mambo ya waraka. Najua wale waliongoja, akiba yao inaisha wiki hii.

Mama Rafaeli,
Teresia


Kilosa, 22 Februari 1975

Shikamoo Mjomba.

Nimemwendea Timotheo. Nilimkuta juu ya ngazi anapaka rangi ubao wa stesheni. Nikamuuliza, nilikuagiza uchore nini? Akasema, "Alama ya mwiko, dada. Nami nikachora mwiko. Ungetaka upawa ungesema." Nilicheka, Mjomba, nikacheka mpaka nikakaa chini, na nilipokaa nikalia. Yeye hakukosea. Mimi ndiye niliyetafuta neno la kumridhisha kila mtu, na neno la namna hiyo kila mtu hulielewa anavyotaka.

Nikarudi ghalani nikamsomea Ndugu Mathias barua ya Mama Rafaeli, yote. Hakusema mahindi ni mahindi. Aliuliza mtoto anaitwa nani, nikamtajia, akavua koti. Tumeyahamisha magunia mekundu wenyewe, mimi, yeye na Costancia, tukayatia chumba cha tatu. Kwenye waraka nimeandika: mahindi ya mbegu yaliyopakwa dawa kiwandani, SUMU. Ametia sahihi. Akasema litakalotupata litupate sote. Nikifukuzwa nitakuja kulima huko, kwa hiyo hilo uliondoe kichwani.

Unga upo. Ni ule wa njano mliouzoea kuukejeli. Tumepewa behewa, utafika kwa treni ya Jumatano, na gunia la unga litatolewa kwa nyumba itakayorudisha mbegu. Ningekuja mwenyewe, lakini vijiji vingine vinne vina magunia yenye picha hiyo hiyo, na leo hii nawaandikia wenyeviti wao wote.

Mpaka Jumatano kuna siku za kula, Mjomba. Tafadhali sikiliza. Kwetu mjomba ndiye anayeamuru na mpwa anatii. Nimetii maisha yangu yote, hata uliponinyima kuolewa na yule fundi baiskeli. Leo mimi nakuamuru. Simama mbele yao useme sumu. Ukisema dawa watakula, ukisema mwiko watacheka. Najua utakachopoteza, naujua msiba ule na yale macho. Nakupenda kuliko unavyojua, na nakuambia useme.

Mungu anisamehe kwa lugha hii.

Mpwa wako,
Magreti


Tujikaze, Mikumi
20 Machi 1975

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimekaa kimya muda mrefu, si kwa kukukasirikia. Siku ya kwanza nilikukasirikia, nikaikunja barua yako nikaitia chini ya godoro. Asubuhi yake Mama Rafaeli akaikunjua akaiweka mezani, akaweka na chai juu yake.

Niliitisha mkutano asubuhi ile ile, uwanjani pa shule. Nilikuwa nimepanga maneno, unanijua. Nitaanza na siasa ni kilimo, nitapitia semina ya Morogoro, na lile neno nitalifikia polepole, watu wakiwa wamekwishachoka. Nikaanza. Sijafika mbali Mwamvua akasimama, katoka zahanati usiku kucha hajalala, kanga kaifunga kiunoni.

"Mwenyekiti, mwiko ninao jikoni," akasema. "Ninao hata wa kukuazima. Niambie mwanangu amekula nini."

Nikasema, "Sumu."

Mpwa wangu, nimehutubia miaka mingi, sijapata kusikilizwa namna ile.

Akaniuliza, "Nani kaileta?"

Hapo ningeweza kusema mengi, na yote ya kweli. Kiwanda, reli, fundi wa rangi. Kasiani alikuwa amekaa mbele yangu ameinamisha kichwa, kijana wa watu, anangoja jina lake. Ningeweza hata kusema ni mpwa wangu wa Kilosa. Nikaona nikianza kuwagawia watu lawama, kila mmoja atachukua fungu lake aende kubishana, na chungu kinachemka nyumbani.

"Mimi," nikasema. "Nimeagiza mimi, kwa sahihi yangu. Ni mbegu, imepakwa sumu ili wadudu wafe, na mtu akila naye anakufa. Nilijua tangu Januari. Sikuwaambia kwa jina lake kwa sababu niliwaogopa."

Mzee Mwinshehe alitema mate chini akaondoka. Wengine wakamfuata. Nilidhani wanakwenda kuchukua mapanga, na nakwambia kweli nilimshika Kasiani bega. Walikwenda kuchukua mahindi. Walirudi nayo kwa ndoo, kwa ungo, kwa vibuyu, yaliyooshwa na yasiyooshwa, hata unga uliokwisha kutwangwa, wakayamwaga mlangoni pangu bila salamu. Mwanamke mmoja alikuja na sufuria lenye ugali wa moto. Aliumwaga pale pale, watoto wake wakiutazama wanalia. Ule ugali, Magreti, ndio ulionipa moyo wa kuvumilia yaliyofuata.

Maana yalifuata. Wiki mbili hakuna aliyeniazima moto. Kisimani Mama Rafaeli akifika wenzake wanatwika ndoo. Wamepeleka malalamiko tarafani nivuliwe uenyekiti, na nadhani nitavuliwa. Unga wenu wa njano ulipofika nilimwachia Kasiani augawe, maana kutoka mkononi mwangu wasingeupokea. Mvua ilipoanza tulipanda watatu, mimi, mke wangu na Kasiani, mikono myekundu, tunanawa kwa sabuni mpaka ngozi inauma. Siku ya tatu wakaja wengine, wamefunga mifuko ya nailoni mikononi, wakashika mistari ya mbali. Hawakunisalimu, lakini walipanda. Baada ya mkutano ule hakuna mwingine aliyeanguka. Hilo liandike kwenye waraka wenu kama lina chumba chake.

Jina langu hapa sasa ni Sumu. Walianza watoto, wakapokea wakubwa. "Sumu kapita." "Jembe liko kwa Sumu." Mwanzoni Mama Rafaeli aliwafukuza kwa fimbo. Nimemwambia aache. Wakiniita, naitika.

Jana nilikuwa napalilia karibu na njia, Mwamvua akapita ametoka zahanati na beseni kichwani. Tangu siku ya mkutano hajanisemesha. Akasimama.

"Sumu, hujambo?"

"Sijambo, mama. Zuhura je?"

"Leo ameshika kikombe mwenyewe," akasema. "Amekunywa uji wote."

Mjomba wako,
Danieli